Nyambizi ya Mchele na Pampu ya Bariadi

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, doti mbili za kanga, na risala iliyoniita mchapakazi hodari. Mkanitaka niseme machache. Nikasema asanteni, nikakaa. Nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hapewi kipaza sauti mbele ya wali na soda za watu. Sasa niko nyumbani, hakuna wa kunikatisha, na mjukuu wangu ameacha daftari lenye kurasa nyingi tupu. Ninyi mafundi mliobaki pale kiwandani Bariadi, haya ni yenu. Msipotaka kuyasoma, fungieni karanga.

Sitaeleza nilivyopanda cheo, kwa sababu sikupanda sana, wala mshahara, kwa sababu mnaujua ulivyo. Nitaeleza habari ya pampu.

Niliingia kiwanda cha kuchambua pamba wakati Bariadi bado iko Mkoa wa Shinyanga na kiwanda bado ni mali ya ushirika. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufagia. Siku ile ya kwanza nilirudi nyumbani na pamba puani, masikioni na kwenye nyusi, mama yangu akaniuliza kama nimezeeka tangu asubuhi. Mwaka wa pili yule kijana aliyekuwa anapaka mafuta injini alitumwa Lamadi kununua samaki, akapata mke hukohuko, hakurudi. Msimamizi akanishikisha kopo la mafuta. "Wiki moja tu, Kabula," akasema. Wiki hiyo imeisha mwezi uliopita.

Injini ya zamani ilikuwa imechoka, na mwishoni mwa enzi za ushirika tukapewa msaada wa injini mpya kubwa ya dizeli pamoja na pampu ya zimamoto. Vilikuja na mzee mmoja Mjapani wa kuvifunga na kutufundisha. Aliitwa Ogawa. Watu wa Bariadi walimpa jina la Masanja ndani ya wiki, naye akaliitikia. Alikuwa mfupi, ana kofia nyeupe, amekwisha kustaafu kwao, na Kiswahili alichojifunza darasani alikipanga neno kwa neno kama anavyopanga spana zake. Mafundi wanaume walimwonyesha vyeti vyao. Yeye aliangalia kucha zao, kisha akaangalia zangu zilizojaa grisi, akasema, "Huyu."

Sasa sikilizeni desturi yake, kwa sababu ndiyo kisa chote. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, alisimama mbele ya kila kifaa, akanyoosha mkono wa kulia, akakielekezea kidole na kusema kwa sauti kubwa: "Mafuta, yapo! Maji, yapo! Hewa, imejaa!" Hakunong'ona. Aliita kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. Halafu alikwenda kwenye chumba cha pampu ya zimamoto, kile kidogo kilicho kando ya tangi. Aliiwasha pampu, akafungua maji mpaka yakaruka uwanjani, akaizima. Ndipo alipochukua chaki na kuandika kwenye ubao mweusi alioupigilia juu ya mlango: PAMPU NZIMA. Jioni aliufuta ubao. Asubuhi aliandika upya.

"Si ni pampu ileile ya jana, Mzee?" nilimuuliza.

"Neno la jana ni la jana," akanijibu.

Aliyekuwa anasimamia mashine ya kufunga marobota alikuwa Sospeter Masalu, mtu wa Shishiyu kule Maswa, rika langu, Mkatoliki mwenye rozari shingoni na utani mdomoni. Huyo ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Kabula, huyu mzee anaongea na nani?"

"Na injini."

"Injini haina masikio. Huyu anaita wafu wake. Mimi hayo nayajua, babu yangu alikuwa akiyafanya."

Asubuhi moja akaja na kibuyu cha unga wa mtama uliokorogwa na maji, akaumwaga taratibu chini ya pampu, kama wanavyofanya wazee wanapotambika. Ogawa akaingia. Ile sakafu aliiosha kwa mikono yake mwenyewe kila Jumamosi.

"Nani amemwaga?"

"Mimi, Mzee," akasema Sospeter. "Tumeona kila siku unawaita watu wako mikono mitupu. Kwetu hiyo si heshima. Nikaona nikusaidie."

Nilijua kazi imeota mbawa. Ogawa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho, na tukaja kugundua kwamba kicheko kimekwisha zamani na kitambaa bado kiko machoni.

"Ni kweli," akasema. "Nawaita."

Alitueleza kidogo kidogo, wakati wa chai, kwa siku kadhaa. Mimi nayaunga hapa.

Wakati wa vita kuu ya pili alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, fundi wa vifaru. Nchi yake ilikuwa imepeleka askari visiwa vya mbali, na meli zilizowapelekea chakula zikawa zinazamishwa njiani. Askari wakala majani. Wakubwa wa jeshi la nchi kavu na wakubwa wa jeshi la maji wakagombana juu ya nani awalishe. Hawakuelewana, kwa sababu wakubwa wakigombana hawalali na njaa wao. Basi jeshi la nchi kavu likaamua kujiundia nyambizi zake, vyombo vya kupita chini ya maji, bila kuwataka ushauri wanaojua maji. Ziliundwa kwenye viwanda vya kutengenezea matangi ya mvuke.

"Ni kama idara ya kilimo kununua treni bila kuwaambia watu wa reli," alisema Sospeter.

"Hasa," akasema Ogawa.

Nyambizi yao haikuwa ya kupigana. Ilikuwa lori la mizigo. Juu ilikuwa na kibunduki kidogo, ndani ilikuwa na magunia ya mchele. Haikupewa jina, ilipewa namba. Mabaharia wake walikuwa watu wa vifaru kama yeye, wengine wakitapika hata kabla ya kutoka bandarini. Siku ya majaribio, chombo cha kwanza kilipozama chini ya maji, wakubwa wa nchi kavu walipiga makofi kwa furaha. Wa jeshi la maji wakashika vichwa, wakidhani kimepotea na watu wake.

Walianza safari ya kusini. Injini ilikufa njiani si mara moja, wakaitengeneza wakiwa wamelala kifudifudi juu ya magunia, maana pengine pa kulala hapakuwapo. Siku moja meli ya nchi yao wenyewe iliwajia kwa kasi ikitaka kuwagonga. Hakuna aliyekuwa ameiambia kwamba nyambizi ya namna ile ipo. Walipanda juu wakapunga bendera mpaka mikono ikaingia ganzi. Niliposikia hapo nilikasirika, nikiwa nimekaa zangu Bariadi na kikombe cha chai, kwa ajili ya vijana wa Kijapani ambao sikuwajua. Mtu anatumwa, halafu aliyemtuma hata hakuwaambia wenzake kwamba amemtuma.

Chakula walichopewa wao kilikuwa kidogo, na gunia la mzigo halifunguliwi. Wakawa wanalala na njaa juu ya mchele. Walifika kisiwani mara moja. Askari waliokuja ufukweni kupokea mzigo walikuwa wamekonda hivi kwamba gunia moja lilibebwa na watu wanne. Mmoja alitia mchele mbichi mdomoni, akautafuna huku analia.

"Siku hiyo moja," alisema Ogawa, "kazi yetu ilikuwa na maana."

Waliporudi bandarini kupakia tena, yeye ndiye aliyekagua pampu. Nyambizi huingiza maji kwenye matangi yake ili izame, na pampu huyatoa ili ipande. Pampu isipofanya kazi, chombo kinaweza kubaki chini. Akakuta gaskiti imekwisha, maji yanavuja. Akaenda kwa ofisa wake.

Ofisa akamwambia, "Safari ni kesho kutwa. Gaskiti inaweza kungoja, askari hawawezi. Andika nzuri."

Akaandika nzuri. Kesho yake akaanguka kwa malaria, hii hii yetu, akaachwa hospitali. Nyambizi ikaondoka na wenzake wote aliokula nao sahani moja, na haikurudi. Tangu ilipoanza kazi hadi ilipopotea, haikufikisha hata msimu mmoja wa pamba.

"Ilipigwa bomu?" Sospeter akauliza.

"Sijui. Labda bomu. Labda pampu. Ningejua ni bomu, ningelala usingizi. Ningejua ni pampu, ningejua mimi ni mtu gani. Sijui."

Baada ya vita alipata kazi kwenye karakana ya treni, akawakuta watu wa reli wananyooshea vifaa vidole na kuita kwa sauti. Akaishika desturi ile kama mtu aliyepata dini. "Kalamu inadanganya kirahisi," alituambia. "Kidole kinaona haya."

Kesho yake asubuhi Sospeter alisimama kando yake, akanyoosha kidole chake kirefu kwenye tangi, akaita kwa Kisukuma, "Minzi, galiho!" Maji yapo. Ogawa akarudia. Tangu hapo tukaita wote, na wapita njia wakasema kiwanda cha Bariadi kimeingiliwa na mashetani.

Jumapili moja tulimpeleka Lamadi kula samaki. Wavuvi wakamkaribisha mtumbwini aone ziwa. Alikataa kwa adabu, akala sato wake wote ameyapa maji mgongo.

Alipomaliza mkataba wake alinikabidhi tochi, rula yake ya chuma na boksi la chaki. "Bi Kabula," akasema, "siku moja atakuja mtu mwenye tarehe. Mtu mwenye tarehe ni hatari kuliko mwenye bunduki. Atakwambia uandike. Usiandike."

"Siandiki, Mzee," nikamwambia. Nilisema kwa urahisi kabisa, kama mtu anayeahidi kuleta chumvi akirudi sokoni.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, kila mtu ruksa kufanya biashara, na baada ya ruksa likaja soko huria. Sitawaimbia sifa za ushirika. Ushirika ulikuwa na panya wake, tena wanene. Lakini pamba ya ushirika ilikaguliwa kabla ya kupimwa: safi huku, fifi, yaani ile ya daraja la chini, kule, na aliyeleta uchafu alirudi nao kwake. Soko lilipofunguliwa, magari ya wanunuzi yakawa yanafukuzana kuanzia Lingeka hadi Shishiyu, kila mmoja anataka kumwahi mwenzake, hakuna anayetia mkono ndani ya gunia. Mkulima akaona, naye si mjinga. Pamba ikaja na maji, na mchanga, na mawe. Jiwe likikutana na kisu cha mashine hutoa cheche, na pembeni hapo pamba imelala inaingoja. Nilisema kwenye mkutano wa wafanyakazi. Nikaambiwa nisiogope ushindani.

Hatimaye kiwanda kikapata mwekezaji. Yeye sijawahi kumwona hadi leo. Tulimwona meneja wake, kijana mwenye tai, ambaye jina lake silitaji, na si kwa heshima. Watu wakapunguzwa kwa orodha iliyobandikwa getini. Mimi na Sospeter tukabaki.

Msimu ulipokwisha, Sospeter akaenda kwao Shishiyu kulima. Huku nyuma wakaja mafundi na lori kutoka kiwanda kingine cha mwekezaji huyohuyo, ambako pampu ilikuwa imeharibika. Wakafungua tumbo la pampu yetu, wakatoa shafti na feni yake ya ndani, yaani kila kitu kinachovuta maji. Wakasema wiki mbili. Wakafunga tumbo tupu kwa bolti mpya. Zikapita wiki mbili, ikapita miezi mitano. Meneja alichofanya ni kuleta kopo la rangi nyekundu, pampu ikapakwa, ikang'aa. Haijawahi kupendeza vile ilipokuwa hai.

Siku chache kabla ya kufungua msimu alinijia chumba cha injini na fomu mkononi.

"Mama Kulwa, mkaguzi anakuja kesho. Saini hapa, na kule kwenye ubao uandike kama kawaida."

"Pampu haina kitu ndani, Meneja."

"Najua. Vifaa viko njiani. Jumatatu tunafungua."

"Basi niandike viko njiani."

Alicheka. "Mama, una mapacha sekondari. Na orodha ya pili ya kupunguza watu haijachapwa bado."

Nikasaini. Nikaenda kwenye ubao nikaandika PAMPU NZIMA, kwa chaki ya Mzee Ogawa, kwa mwandiko mzuri. Nasema mwandiko mzuri kwa sababu nakumbuka niliandika polepole ili herufi zinyooke. Mtu akikwambia kwamba anayedanganya hutetemeka, mwambie aje kwangu.

Mkaguzi alikuja, akanywa soda, akaipigapiga pampu mgongoni kama ndama mnono, akaondoka. Hakusema iwashwe. Ningemshukuru mpaka kaburini kama angesema.

Jumatatu Sospeter alirudi, mweusi kwa jua la shambani, ana mfuko wa viazi vitamu kwa ajili ya wanangu. Alipita chumba cha pampu, akasoma ubao, akanyoosha kidole. "Pampu, nzima!" akaita, akaniangalia na kucheka. Mimi nikajifanya nafuta spana.

"Mbona leo maji hayajaruka uwanjani?"

"Tunabana dizeli," nikamjibu. Uongo wa kwanza ulinichosha. Wa pili ulitoka wenyewe.

Siku ya tatu ya msimu, saa nane mchana, jiwe la mtu fulani likakutana na kisu. Niliona moshi kupitia dirisha la chumba cha injini. Nikazima injini kwa utaratibu wake, nikatoka mbio. Ghala la pamba lilikuwa limeshika, na wachaguzi wa pamba walikuwa bado wanajisukuma mlangoni kutoka. Sospeter alikwisha kuchukua mpira wa zimamoto, ameuburuta, ameingia nao hadi ndani kusudi aloweshe upande wa mlango watu wapite. Watu walipita. Wote walipita. Yeye alibaki ameelekeza mdomo wa mpira kwenye moto, anasubiri.

Hakuwa mjinga. Nataka hili likae vichwani mwenu. Mtu haingii motoni na mpira mtupu. Aliingia na maji niliyomwandikia mimi.

"Kabula! Minzi! Lete minzi!"

Mimi nilikuwa nimesimama chumba cha pampu, mkono juu ya rangi nyekundu. Miguu ilinipeleka huko kwa mazoea ya miaka. Nikashika ndoo, nikakimbia na wenzangu na ndoo, nikimwita atoke, na moto ukinguruma hauachi mtu asikie. Paa likaanguka.

Kikao cha uchunguzi kilikaa ofisini kwa meneja. Kikaandika kwamba marehemu aliingia eneo la moto bila amri. Marehemu! Aliyetoa watu! Meneja akaweka ile fomu mezani. "Mama Kulwa, mkono huu ni wa nani?"

"Wangu."

Hakuna aliyeuliza swali la pili. Hakuna aliyesema tufungue tumbo la pampu. Funika kombe mwanaharamu apite, na mimi nilishika upande mmoja wa kombe. Nikanyamaza, nikatoka.

Nilikwenda msibani Shishiyu. Mjane wake, Holo, alikuwa amekaa mkekani na wanawake wa ukoo. Nikamwomba tutoke kidogo, tukasimama kando ya zizi. Nikamweleza yote, hadi viazi, hadi dizeli.

"Ulijua?" akauliza.

"Nilijua."

"Na yeye hakujua."

"Hakujua. Alisoma ubao."

Aliwageukia ng'ombe. Nilitamani anipige.

"Pole yako siitaki, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Pole zimejaa humo ndani. Rudi ukaandike ukweli palepale ulipoandika uongo. Ukishaandika, ndipo uje unisalimie."

Nilirudi. Kesho yake alfajiri nikaandika: PAMPU IMEKUFA. HAINA KITU NDANI. Meneja akafuta kwa leso yake. Nikaandika tena. Akaniambia nimefukuzwa kazi. Nikamwambia sawa, awashe injini mwenyewe, nikakaa juu ya ile ndoo ya Ogawa.

Injini ile ilikuwa na tabia zake. Gurudumu kubwa sharti lizungushwe kwa nondo hadi kwenye alama, halafu hewa ifunguliwe kwa kiasi chake, si zaidi. Ogawa alinifundisha mimi, na tangu aondoke hakuna mkubwa aliyeona haja ya mtu wa pili kujifunza. Meneja akaita fundi kutoka Mwanza. Siku mbili nzima yule bwana alimaliza hewa yote ya mitungi, akaijaza, akaimaliza tena. Injini ikatoa pumzi tu kama ng'ombe aliyeshiba. Malori ya pamba yakapanga foleni hadi barabarani. Siku ya tatu meneja akasalimu amri, likaja lori na shafti na feni ya pampu, vimefungwa kwenye karatasi yenye grisi.

"Vilikuwa wapi?" nikamuuliza dereva.

"Stoo kwetu, mama. Sisi tulishaletewa vipya tangu mwezi wa pili. Hivi vilikuwa vimelala tu, hakuna aliyeviulizia."

Siku tatu. Sospeter Masalu alikufa kwa kitu cha siku tatu. Siku ile meneja aliponiletea fomu, nondo ilikuwa mkononi mwangu, injini ilikuwa yangu, hakuna mtu katika wilaya nzima aliyeweza kuiwasha isipokuwa mimi, na sikulijua hilo kwa sababu nilikuwa naogopa. Ogawa alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa mbele ya ofisa wa vita. Mimi nilikuwa mama mzima mbele ya kijana mwenye tai. Nina hasira na meneja, nina hasira na mkaguzi na soda yake, nina hasira na mwekezaji asiye na uso. Lakini hao wote siwezi kuwapata. Mwandiko wangu naweza kuupata kila nikishika kalamu, kama sasa hivi.

Nikafunga pampu, nikaiwasha, maji yakaruka. Nikafuta ubao, nikaandika. Jumapili nikaenda Shishiyu kumsalimia Holo. Alinipa kigoda.

Mzee Ogawa aliniandikia kila mwaka mpya, akiuliza kama pampu inaendelea vizuri. Barua hizo sikuzijibu. Yeye alikuwa hajui, mimi nilikuwa najua, nikaona aibu kumwandikia. Kisha barua zikakoma. Wenye kiwanda wamebadilika mara tatu, umeme wa gridi umekuja, Bariadi imekuwa makao makuu ya mkoa na ina taa barabarani. Mimi niliendelea na kidole changu na chaki yangu, na najua mlinicheka. Chekeni.

Sasa niwaambie kwa nini nimeshika daftari hili. Jumatatu iliyopita nilipita kiwandani kuchukua mabuti yangu ya mpira niliyoyasahau. Ubao ulikuwa umeandikwa PAMPU NZIMA, mwandiko wa Emanueli, fundi niliyemkabidhi chaki. Nikaangalia uwanja. Vumbi lilikuwa kavu hadi kwenye tangi.

"Mwangaluka, mama," Emanueli akanisalimia.

"Mwangaluka. Umeiwasha saa ngapi?"

"Bado, mama. Wakaguzi wanakuja kesho, bosi amesema ubao uwe tayari. Ijumaa ilikuwa nzima."

"Iwashe."

"Mama, wewe umestaafu. Pumzika sasa."

Nikachukua mpira, nikauburuta hadi mlangoni mwa ghala, nikashika mdomo wake kwa mikono miwili, nikauelekeza ndani. "Iwashe, baba," nikamwambia.

Akaiwasha. Injini ikaitika mara moja, mlio safi kabisa. Akafungua valvu. Mpira ukabaki bapa chini kama ulivyolala. Akafungua zaidi, akaangalia tangi, akaniangalia mimi. Tulisimama hivyo, yeye pale na mimi hapa, tunasubiri.

Nikanyoosha kidole. "Maji?" nikaita.

Alitikisa kichwa.

"Sema kwa sauti."

"Hayapo, mama."

"Haya," nikamwambia. "Chaki unayo. Andika."